Wavu Mmoja, Samaki wa Kila Aina

Wakazi wa kando ya Ziwa Viktoria hawahitaji kufafanuliwa sana mfano wa wavu ulio katika Injili ya Mathayo, sura ya 13. Wavuvi wa Kirumba na Ukerewe wanajua kwamba samaki hawachambuliwi wavu ungali majini. Tena Bwana wetu, alipoueleza mfano huo, alisema kazi ya kuchambua ni ya malaika, mwisho wa nyakati. Hakuikabidhi kwetu.

Twasema haya kwa ajili ya jambo ambalo familia hulinong'ona tu. Kijana aliyebatizwa na kupata Kipaimara huwaambia wazazi wake waziwazi kwamba moyo wake huelekea watu wa jinsia yake, na kwamba hata hivyo hataki kuiacha imani. Wazazi wafanyeje? Wako wanaomfukuza usiku ule ule, wakidhani wanaitetea dini.

Hatuleti mafundisho mapya. Kanisa hufundisha kwamba ndoa ni ya mume na mke, na tendo la ndoa lina mahali pake humo tu. Tarehe 11 Januari 2024 Maaskofu wa Afrika walitangaza kwamba wapenzi wa jinsia moja hawatabarikiwa katika makanisa yao. Lakini tangazo lile lile lilidai watu wenye mwelekeo huo watendewe kwa heshima. Ndivyo inavyoagiza pia Katekisimu ya 1992, namba 2358: wapokewe kwa heshima na huruma, wala wasibaguliwe isivyo haki. Basi, ashikaye fundisho la kwanza na kulitupa la pili ameshika nusu tu ya imani.

Wengine watatukumbusha Mashahidi wa Uganda. Vema. Mapadre waliokuwa wakifundisha dini huko walipovuka ziwa kuja kwetu, walifungua misioni ya Bukumbi, karibu na Mwanza, mwaka 1883. Karoli Lwanga na wenzake waliuawa Namugongo tarehe 3 Juni 1886, kwa kuwa walikataa kuiacha imani, na kwa kuwa Lwanga aliwakinga vijana wadogo na tamaa za mfalme. Ushahidi wao wamhukumu mwenye nguvu amlazimishaye mnyonge. Haumfundishi mzazi kumchukia mwanawe.

Marehemu Papa Fransisko, tarehe 26 Januari 2022, aliwaasa wazazi wa vijana wa namna hii wafuatane nao, wasijifiche nyuma ya hukumu. Mwaka uliofuata alisema kuwa hivyo si jinai, akitofautisha dhambi na jinai. Nchini mwetu kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu hufikisha adhabu ya tendo hilo hadi kifungo cha maisha. Mzazi afungaye mlango na ajiulize anamwachia nani mtoto wake huko nje.

Nawe kijana, ubatizo wako haufutiki. Usiache Misa wala sala. Mtafute padre mwenye busara, umweleze yote bila kuficha. Msalaba wako usiubebe peke yako.

Enyi wazazi, si lazima mkubaliane na kila asemalo mwana wenu ili mumwekee sahani mezani. Jioni hii, kabla ya Rozari, mwiteni kwa jina lake la ubatizo, akae mahali pake.