Nani Amfundishaye Mtumishi wa Watu?

Ziko shule ambazo kazi yake ni kuwatayarisha watu wawatumikie wengine. Hazitoi wafanya biashara wala mafundi; zinatoa mahakimu, makarani wakubwa, watoza kodi na wasimamizi wa wilaya, yaani watu watakaoshika mihuri na daftari za nchi. Katika shule ya namna hiyo swali moja lataka kufikiriwa vema: ni nani hasa amfundishaye mwanafunzi kutumika? Je, ni mwalimu peke yake, asimamaye mbele ya ubao? Au ni wote wafanyao kazi ndani ya uzio wa shule, tangu mkubwa wake hadi mlinzi wa mlango?

Swali hili si geni katika nchi yetu. Kongo ilipopata uhuru, tarehe 30 Juni 1960, Chuo Kikuu cha Lovanium, karibu na Léopoldville, mji uitwao leo Kinshasa, kilikuwa na umri wa miaka 6 tu. Wakongo waliokwisha kupata shahada za chuo kikuu hawakufika 30. Katika vyeo vitatu vya juu vya utumishi wa serikali, vyenye maelfu ya watu, Wakongo walikuwa 3 tu. Wabelgiji wengi walipoondoka kwa haraka mwezi Julai, biro zilibaki na meza na karatasi, lakini watu waliozoezwa kuamua wakakosekana.

Kwa sababu hiyo, mwaka 1961, Shule ya Taifa ya Sheria na Utawala ilifunguliwa Léopoldville, ikisaidiwa na Ford Foundation ya Marekani. Mkubwa wake tangu mwaka 1961 mpaka 1965 alikuwa Étienne Tshisekedi, Mkongo wa kwanza kupata udaktari wa sheria katika Lovanium, mwaka ule ule wa 1961. Alipoishika kazi hiyo alikuwa hajatimiza miaka 30. Leo Kinshasa iko Shule ya Taifa ya Utawala, na vijana wanaingia humo kwa mtihani wa mashindano. Miaka imepita, bali haja imebaki ile ile: nchi yataka watu watakaotumika kwa haki.

Basi, na tufikiri. Tuseme katika shule fulani mwalimu anafundisha asubuhi kwamba raia wote ni sawa mbele ya sheria, na kwamba barua ya raia ijibiwe bila kuchelewa. Mwanafunzi anaandika yote katika daftari yake. Alasiri anakwenda bironi kuomba cheti chake. Karani anamwambia, « Rudi kesho. » Kesho yake, vivyo hivyo. Siku ya tatu rafiki anamnong'oneza kwamba cheti hakitoki mpaka mkono ushikishwe kitu. Analipa, na cheti kinatoka saa ile ile. Siku hiyo mwanafunzi amepewa masomo mawili. Lile la asubuhi atalijibu katika mtihani. Lile la alasiri atalitumia maisha yake yote.

Sisi waalimu wa shule ndogo twalijua jambo hili. Twaweza kuwaambia watoto mara mia kwamba kazi ni heshima. Lakini zamu ya kuchota maji ikifika, wote wanatazama kama mtoto wa chifu atachukua ndoo sawa na wengine. Wakiona kwamba yeye anaachwa kivulini, somo la heshima ya kazi limekwisha.

Mtu mmoja atapinga: « Mlinzi wa mlango hakusoma, atamfundishaje mtu wa chuo? » Tunamjibu hivi. Mzee anafika kutoka kijijini, miguu ina vumbi, anamtafuta mwanawe. Mlinzi aweza kumkaripia, au aweza kumpa kiti na kusema, « Karibu, baba, pumzika, nitamwita. » Wanafunzi wanapita na kuona. Kesho wao ndio watakaokaa ndani ya biro, na mzee kama yule atasimama mlangoni mwao. Hakuna kitabu kionyeshacho jambo hilo waziwazi kama mlinzi yule.

Mwingine atapinga kwa neno zito zaidi: « Karani huyo hakupata mshahara tangu miezi mitatu. Watoto wake wanalala njaa. Akiomba kidogo kwa wanafunzi, ana kosa gani? » Neno hili tusilipuuze, kwa maana njaa ni njaa. Karani anadai haki yake, na aliyemnyima amemdhulumu. Lakini tuulize: mdeni wake ni nani? Ni yule aliyemwajiri, si mwanafunzi. Akimtoza mwanafunzi, hafuti deni. Analihamisha juu ya mgongo wa mtu asiye na deni. Naye mwanafunzi hatasahau. Atahesabu yote aliyotoa, na siku atakapopewa muhuri atatafuta wa kumlipa. Hapo mjane ajaye kuomba karatasi ya shamba lake atalipa deni la mshahara uliokosekana miaka kumi iliyopita, katika mji asioujua. Ndivyo deni linavyotembea, na daima linateremka kwa mnyonge.

Hapo twaona kazi ya kwanza ya mkubwa wa shule kama hiyo. Watu wengi wanadhani ukubwa wake ni kuhutubu siku ya vyeti. La! Akitaka kuzuia deni lisitembee, budi alisimamishe pale lilipoanza. Aende wizarani kudai mshahara wa mfagiaji kwa bidii ile ile anayodai gari lake. Akiwa na kidogo mkononi, wenye mshahara mdogo wapate kwanza. Halafu, akiisha kufanya hivyo, ana haki kamili ya kumwadhibu karani auzaye vyeti, tena asimwonee haya hata akiwa ndugu yake. Mkubwa aadhibuye bila kulipa ni mkatili. Alipaye bila kuadhibu ni mlegevu. Shule yahitaji yote mawili.

Basi ninyi wazazi, mtoto wenu akirudi likizo kutoka shule ya namna hiyo, mnamwuliza, « Umepata alama ngapi? » Ni vema. Lakini mwulizeni tena: « Nani alikupokea mlangoni? Cheti chako ulikipataje? » Msikilizeni sana, kwa maana katika jibu hilo mtajua yeye naye atawapokeaje watu.