Kipimo cha Mfalme

Ukuu wa mtawala hupimwa kwa nini? Historia ya Misri ya kale yatoa mfano unaostahili kutazamwa. Sneferu, aliyetawala karibu na mwaka 2600 K.K., hunasibishwa na mapiramidi makubwa matatu: moja la Meidum na mawili ya Dahshur. Mwanawe Khufu alijengewa moja kubwa huko Giza, kimo chake mita 146 hivi. Mawe ya baba yakijumlishwa huyazidi ya mwana. Hata hivyo vizazi vya baadaye vilimkumbuka Sneferu kwa wema, na jina la Khufu likaingia uchungu. Herodotus, Myunani wa karne ya 5 K.K., alimsimulia kama dhalimu aliyefunga mahekalu na kuwatumikisha watu wake wote. Kama uovu ungalikuwa katika mawe, baba angalilaumiwa kwanza.

Yawezekana kujibiwa kwamba Khufu alisingiziwa, na jibu hilo lina haki yake. Nyaraka za mafunjo zilizopatikana mwaka 2013 huko Wadi al-Jarf, kando ya Bahari ya Shamu, zina kumbukumbu za kila siku za Merer, msimamizi aliyesafirisha mawe ya chokaa kwa mashua kutoka Tura mpaka Giza. Posho za watu wake ziliandikwa kwa hesabu. Katika makaburi ya wajenzi yaliyo karibu na mapiramidi imeonekana mifupa iliyovunjika, ikaungwa, ikapona. Basi serikali ile haikuwa ya mjeledi mtupu. Ilijua kulisha na kutibu. Walakini punda naye hulishwa, na akiumia hutibiwa. Chakula chathibitisha kwamba mtu ana faida; thamani yake ni jambo jingine.

Tofauti ya faida na thamani imo katika hadithi za Wamisri wenyewe, zilizoandikwa karne nyingi baada ya wafalme hao. Humo Sneferu amwita kuhani wake ndugu. Khufu, akitamani kuona kichwa kilichokatwa kikirudishwa mahali pake, aamuru aletwe mfungwa. Mzee Djedi, mwenye elimu hiyo ya siri, akataa: jambo hilo halifai kutendwa kwa mwanadamu. Mfalme anyamaza, na bata bukini aletwa badala ya mtu. Hadithi si ushahidi wa mambo yaliyotendeka, lakini yaonyesha mahali Wamisri walipoiweka mizani yao. Waliuliza mwanadamu alikuwa nini machoni pa mfalme.

Wala hawakukosa msingi wa kuuliza hivyo. Waliita Maat ile haki na kweli ambayo mfalme mwenyewe alipaswa kuitunza. Kwa hiyo Firauni, ingawa aliheshimiwa kama mungu, naye alikuwa na kipimo juu yake.

Piramidi lathibitisha uwezo wa kuamuru, na uwezo huo wema na waovu huwa nao sawasawa. Utu wa serikali hujulikana pale amri inapomfikia mfungwa asiye na mtetezi, akatokea mtu wa kusema haifai, na mwenye enzi akasikia. Serikali isiyomwachia mtu kama Djedi nafasi ya kusema, hata ikiwashibisha raia wake wote, imewahesabu tu, haijawatambua.