Tiketi ya Alhamisi

Wiki hii nilikwenda kuwajulia hali jamaa zangu wa Al Khuwair. Jikoni nikamkuta msichana wao wa kazi ameketi, mkono wa kulia umefungwa bandeji mpaka kwenye kifundo. Mashine ya kusagia nyama imemkata ncha za vidole viwili. Ni binti wa Korogwe, hajatimiza mwaka hapa Muscat. Akataka kunyanyuka anitilie kahawa. Nikamwambia kaa, mwanangu. Sebuleni nikaambiwa mambo yamekwisha: ametibiwa, mshahara kapewa, tiketi ya Alhamisi imekatwa. "Kudura ya Mungu, tufanyeje?"

Jawabu hilo limenikaa kooni. Kudura hatuikatai, lakini mashine ni ya nyumba hiyo na aliyemtuma asage ni mwenye nyumba. Angekuwa fundi wa karakana za mtaa wa Ghala kakatwa na msumeno, nani angesita kusema ameumia kazini? Julai 2023 zilitoka hapa Oman amri mbili za kifalme. Namba 52, ya kinga ya jamii, imeweka bima ya ajali za kazini na maradhi yatokanayo na kazi, ikikusudiwa kuwafikia hata wafanyakazi wageni. Namba 53, sheria ya kazi, haikuwaingiza watumishi wa majumbani. Mambo yao yameachiwa kanuni za waziri. Basi wengi wetu tumeufanya upenyo huo kuwa ruhusa.

Nitaambiwa: sisi tumemtibu, na tunamtazama kama mtoto wetu. Sawa, lakini matibabu ni haki yake ya siku zote awapo kazini, hayakuwa hisani. Fidia ni jambo jengine kabisa. Hulipwa kwa kiungo kilichopungua, baada ya daktari kupima na kuandika mkono umepoteza uwezo kiasi gani. Binti huyu kwao alikuwa akishona. Sindano ataishika kwa kidole kipi?

Na dini tusiifanye kichaka, maana yenyewe ndiyo inayotubana zaidi. Katika diya, fidia ya jeraha katika sheria ya Kiislamu, kila kidole kina ngamia kumi, gumba sawa na kile cha mwisho. Najua diya ni ya aliyejeruhiwa na mtu, si na mashine. Lakini dini iliyothamini kidole kimoja kimoja haiwezi kuturuhusu tukione cha mtumishi ni bure.

Nimewaambia jamaa zangu, na hapa narudia: asipande ndege bila ripoti ya daktari yenye tarehe, chanzo cha jeraha na kiwango cha ulemavu, nakala ya mkataba wake, na makubaliano ya malipo yaliyotiwa saini. Wakikataa, Wizara ya Kazi inapokea malalamiko ya watumishi wa nyumbani, na ubalozi wa Tanzania upo mjini hapa hapa. Akishafika Korogwe, nani atamfuatilia karatasi hizo? Tiketi inaweza kusogezwa mbele.