Waliosikiliza Pamoja

Tafakari ya wiki. Somo: 1 Samweli 3:1–10



Wapo watu Marekani, Japani na Ulaya wanaotafuta redio ndogo za transista za miaka ya 1950 kwa bidii ya yule mwanamke aliyewasha taa na kufagia nyumba kwa ajili ya shilingi moja. Wanayoitamani kuliko nyingi ni Regency TR-1, iliyotangazwa Oktoba 1954, redio ya kwanza ya transista kuuzwa kwa umma. Ilitengenezwa Indianapolis kwa transista 4 za kampuni ya Texas Instruments, ikauzwa dola 49.95. Transista yenyewe ilikuwa ngeni: John Bardeen na Walter Brattain waliionyesha ikifanya kazi katika maabara ya Bell mwezi Desemba 1947. Hadi wakati huo redio iliendeshwa kwa valvu za kioo, zenye kupata moto na kumaliza betri upesi. Transista ilitumia umeme kidogo sana, ndipo redio ikaweza kukaa mfukoni.

Mkusanyaji akishika redio ya Kimarekani ya enzi hiyo, hutazama kwanza namba za kutafutia stesheni. Kwenye 640 na 1240 hukuta alama ndogo za pembetatu. Kuanzia 1953 hadi 1963 redio za huko zilitakiwa kuwa nazo, ili siku ndege za Kisovieti zikija na mabomu, raia wajue pa kupata maelekezo. Kwa mkusanyaji alama hizo ni ushahidi wa umri. Mimi naona pia vijana waliotembea na muziki mfukoni, huku hofu ya taifa zima imechapwa juu ya redio yao.

Kuzitunza ni kazi ya subira. Plastiki hupasuka pembeni, kapasita hukauka, na betri iliyosahauliwa ndani huvuja ikala vyuma. Mkusanyaji mzuri hubadilisha kile tu kilichokufa, wala hapaki rangi mpya. Naiheshimu sana kazi hiyo, kwa kuwa anayetunza kitu cha wazee wake anakiri kwamba ulimwengu haukuanza naye.

Lakini redio haihifadhi sauti hata moja. Yote yaliyopita ndani yake yamekwenda. Aliyebaki nayo ni msikilizaji. Na msikilizaji wa kwetu tunamzika kila mwezi bila kumwuliza.

Hapa Tanzania redio ya transista ilikuta vijiji visivyo na umeme. Redio moja, ya National au Philips, ilikaa juu ya kigoda uani na majirani wakaizunguka. Betri zikichoka zilianikwa juani, zikapata nguvu ya taarifa ya habari moja zaidi. Februari 1963 kituo cha Sauti ya Injili, cha Shirikisho la Makanisa ya Kilutheri Duniani, kilianza kurusha matangazo kutoka Addis Ababa, na vipindi vyake vya Kiswahili viliandaliwa Moshi. Neno liliwafikia watu ambao mwinjilisti aliwatembelea mara chache kwa mwaka. Machi 1977 serikali ya kijeshi ya Ethiopia ilikitwaa kituo kile, na sauti ile kutoka Addis ikakoma.

Katikati ya miaka hiyo, 1973, ilikuja kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza kipindi cha redio, wakajadiliana, kisha wakashika majembe wakachimba vyoo. Nikitafuta mfano wa kusikia kunakozaa tendo, sihitaji kwenda mbali.

Samweli naye hakusikia peke yake. Sauti ilimfikia waziwazi, mara moja, ya pili, ya tatu, na kila mara alikimbilia kwa Eli. Mzee yule, ambaye macho yake yalikuwa yamefifia, ndiye aliyetambua ni nani anayeita, akamfundisha kijana namna ya kuitika. Leo kila mmoja wetu ana simu yake na spika zake masikioni. Tunasikia mengi kuliko babu zetu, lakini nani aliye karibu wa kutusaidia kutambua sauti ni ya nani? Naona hapo ndipo tulipopungukiwa zaidi, ndani ya nyumba zetu na hata kanisani.

Basi wiki hii, mwenye redio ya zamani nyumbani asiiuze kwa mnunuzi wa vyuma chakavu kabla ya kuketi na mama, babu au shangazi aliyeisikiliza. Toa betri zilizomo zisiiharibu. Mwulize ilinunuliwa lini, nani walikuja kusikiliza, kipindi gani hawakukubali kukikosa, na walifanya nini baada ya kukisikia. Andika majibu yake kwa jina na mwaka, uyatunze pamoja na redio hiyo. Fanyeni hivyo mapema, wapendwa, maana wazee wetu wanaondoka.