Bei ya Gari Kuukuu na Gharama Yake

Yafaa tutenganishe maneno mawili ambayo watu huyachanganya, yaani bei na gharama. Bei ni fedha ambazo mnunuzi humpa mwenye mali siku ile wapatanapo. Gharama ni yote ambayo kitu kile kitamdai tangu siku hiyo hata siku waachanapo. Mfano mzuri wa jambo hili twauona Ulaya, katika magari ya safari yenye vitanda na jiko ndani yake.

Mashuhuri kati ya hayo ni gari la Volkswagen, lililoanza kuundwa kwa wingi katika Ujerumani mwaka 1950. Na mwaka uliofuata kiwanda cha Westfalia kikaanza kulitengenezea vyombo vya kulalia. Kwa miaka mingi mashine yake ilikaa nyuma, nayo ilipozwa kwa upepo, si kwa maji. Hata leo watu huyatafuta magari hayo yaliyozeeka, maana huyaona kuwa mlango wa uhuru: mtu atalala ufukoni au mlimani apendapo, wala hatamlipa mwenye hoteli.

Basi tumfikirie mnunuzi mmoja. Rangi yang'aa, mapazia ni mapya, na moyo wake umekwisha kununua kabla mkono haujatoa fedha. Walakini kutu haikai mbele ya macho. Hukaa chini ya sakafu, juu ya magurudumu na chini ya milango, mahali ambapo matope yatulia pamoja na chumvi itiwayo barabarani kuyeyusha barafu. Kuikata na kuchomelea bati jipya ni kazi ya siku nyingi, na fundi hulipwa kwa saa. Tena mashine ya namna ile hutaka oili mpya na kurekebishwa valvu kila baada ya kilometa 5,000 hivi. Na mipira ipitishayo petroli hupasuka kwa uzee. Petroli ikidondoka juu ya mashine yenye moto, gari lote laweza kuteketea.

Tuseme kwamba bima, kodi, mahali pa kuliweka wakati wa baridi, na matengenezo, humtoka euro 3,000 kwa mwaka, naye hulala ndani yake siku 20 tu. Hapo kila usiku umemgharimu euro 150, mbali na petroli na ile bei ya kwanza. Kwa fedha hizo angaliweza kulala katika hoteli aliyoikimbia.

Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Lakini wengi hawakosi daftari kwa kutojua kuandika. Huiogopa jumla yake. Hapo swali la fedha limegeuka kuwa swali la ukweli. Aliyejidanganya siku ya kununua atajaribiwa kumdanganya mwenzake siku ya kuuza: atapaka rangi juu ya kutu, kama alivyopakiwa yeye. Tena yule anunuaye mapazia kabla ya kutengeneza breki, ameweka roho za mkewe na watoto wake chini ya sifa za majirani.

Je, twasema kwamba ni upumbavu kununua gari kuukuu? Sivyo. Yuko mtu ashikaye spana kwa furaha, na watoto wake humshikia taa na kujifunza kazi. Kwake jioni zile chini ya gari si hasara, bali ni sehemu ya alichokinunua. Huenda ametumia fedha zilezile alizotumia mwenzake, ila yeye alizihesabu mapema akakubali.

Kwa hiyo anunuaye na ainame kutazama chini ya gari kabla ya kuingia ndani. Na aweke akiba kabla ya safari ya kwanza, aanze na breki na mipira ya petroli, kisha aandike kila senti itokayo. Nasi tulio na baiskeli ya mkono wa pili, au nyumba ya bati, tusidhani kwamba shauri hili ni la watu wa mbali. Tujiulize kabla ya kutoa fedha: kitu hiki kitatudai nini kesho, nasi tu tayari kulipa?