Kusikiliza kwa Kudoea

Kuna rekodi moja ya gitaa ambayo huwa naisikiliza usiku, habari za siku zikishatumwa na simu ya mhariri imenyamaza. Ilirekodiwa Desemba 1956 New York, kwenye fleti ya mtu anayeitwa Ed Fuerst. Mpiga gitaa ni Tal Farlow, kijana wa North Carolina aliyejipatia riziki kwa kuchora mabango kabla ya muziki, mwenye mikono mikubwa mpaka wakambatiza jina la Pweza. Piano yuko Eddie Costa, besi yuko Vinnie Burke. Mpiga ngoma hayupo. Wala hakuna tiketi, prodyuza, au mtu wa kutazama saa. Watu watatu waliozoea kupiga pamoja wamekwenda kwa rafiki mwenye mashine ya kunasa sauti, basi.

Mwaka huohuo watatu hawa walikuwa wameingia studio na kurekodi santuri za kampuni ya Verve, mojawapo ikiitwa Tal. Ni nzuri kwelikweli. Ukiniuliza uanzie wapi, nitakwambia anza na hiyo. Lakini mimi mwenyewe kila mara narudi sebuleni kwa Fuerst, na kwa muda mrefu nimekuwa najiuliza ninafuata nini kule.

Jibu la haraka, ambalo wapenzi wa jazi hulitoa bila kufikiri, ni kwamba sebuleni ndipo unapompata msanii mwenyewe, bila vipodozi. Hilo siliamini. Kazi yangu ni uandishi wa habari na nimeona mara nyingi kinachotokea unapozima kinasa sauti. Mtu anashusha pumzi, anasogeza kiti, anaanza, “Sasa hili usiliandike...” Zamani nilidhani hapo ndipo ukweli unapoanzia. Siku hizi najua kwamba watu hudanganya pia kinasa sauti kikiwa kimezimwa, ila wanamdanganya msikilizaji mwingine. Na Farlow wa studio alikuwa Farlow vilevile. Alichagua nyimbo, akazipanga, akaziachia ziende zikiwa na jina lake. Kuuita ule uso wa bandia ni kumdharau mtu kwenye kazi yake.

Nadhani tofauti iko kwenye nani anapigiwa. Studio anatupigia sisi, watu asiowaona. Sebuleni anawapigia waliomo. Ndiyo maana wimbo unaruhusiwa kurefuka. Costa akianza kuugonga upande wa chini wa piano, kule kwenye sauti nzito alikokupenda, hakuna wa kumwambia afupishe. Anayemsikiliza ni Farlow, na Farlow anataka kujua ataishia wapi.

Mfano mkubwa zaidi wa hili ni Charlie Christian. Mwaka 1939 Benny Goodman alimchukua kwenye kundi lake, akawa mpiga gitaa la umeme aliyejulikana Marekani nzima. Lakini santuri za wakati ule zilibeba kama dakika tatu kila upande. Zigawe dakika hizo kwa Goodman, piano, vibrafoni na wengine, halafu uone Christian anabakiwa na nini. Anaingia, anasema jambo moja zuri, anatoka. Usiku, kazi ya Goodman ikiisha, alikwenda Minton's Playhouse, Harlem, akapiga na yeyote aliyekuwepo. Mei 1941 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Columbia, Jerry Newman, alikuwa akibeba mashine yake kwenda kuwarekodi. Kipande maarufu kuliko vyote kinaanza Christian akiwa tayari katikati ya solo, kama vile umefungua mlango umechelewa. Anazunguka wimbo mara moja, mara ya pili, ya tatu, na kila mara anakuta chumba kingine humo ndani. Kwenye santuri za Goodman ungejua ana kipaji. Hapa unajua alikuwa anawaza nini.

Miezi kama kumi baadaye, Machi 1942, Christian alifariki kwa kifua kikuu. Alikuwa na miaka 25. Kile kipande kikatoka akiwa kaburini, na hata jina lililokifanya kijulikane, Swing to Bop, alikipa mtu mwingine. Wimbo wenyewe unaitwa Topsy.

Hapo ndipo ninapoanza kujisikia vibaya. Kwetu mtu anayekwenda kwenye shughuli bila kualikwa anaitwa mdoezi. Mdoezi si mwizi. Chakula kingepikwa hata asingekuja, na mwenye shughuli akimwona pengine atamsogezea sahani. Ila hakualikwa, na anajua. Mimi na ile rekodi ya Fuerst tuko hivyo. Ilitoka kwa lebo ya Xanadu katikati ya miaka ya 1970, karibu miaka 20 baada ya ule usiku. Farlow alikuwa hai, angeweza kusema lake. Costa alikuwa amekufa kwa ajali ya gari mwaka 1962, akiwa na miaka 31. Yeye hakuna aliyemuuliza kitu. Na kusema kweli, nikiisikiliza ninamfuata Costa karibu sawa na ninavyomfuata mwenye gitaa.

Najua nitakachojibiwa. Bila Newman na mashine yake tungekosa ushahidi wa jinsi bebop ilivyoanza kuchipua, hasa kwa kuwa Agosti 1942 chama cha wanamuziki kiligomea studio na santuri mpya zikakauka. Kweli kabisa. Sisemi zichomwe. Ninachosema ni kwamba faida niliyoipata mimi haiwi ruhusa iliyotoka kwake. Watu wengi wanachanganya hayo mawili. Halafu kuna wale wanaosikiliza rekodi za namna hii na kalamu mkononi: hapa kakosa noti, hapa kasi imemshinda. Jamani. Umedoea pilau halafu unalalamikia chumvi?

Nina sababu yangu ya kuliwaza hili. Miaka kadhaa iliyopita nilimhoji mzee mmoja hapa Dar, mpiga gitaa wa bendi za dansi za enzi zile ambazo zilijiita Jazz hata kama zilipiga rumba usiku kucha. Mahojiano yalikuwa ya kawaida, majibu aliyokwisha kuyatoa redioni mara mia. Nilimshukuru, nikafunga daftari, nikaenda uani kunawa mikono. Simu niliisahau mezani ikiwa bado inarekodi. Mzee akachukua gitaa akampigia mjukuu wake. Anajikosesha makusudi ili mtoto acheke, kisha anateleza kwenye wimbo ambao siujui, polepole sana, anauacha njiani, anakohoa, anaurudia kwa namna nyingine. Dakika sita na kitu. Ndicho kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kurekodi, na sikukirekodi mimi.

Niligundua usiku nikiwa nyumbani. Nilipanga kumpigia nimwombe ruhusa. Wiki ikapita, ikaja ya pili, kazi nazo unazijua. Nikapata habari kwamba amefariki. Nilipomsimulia rafiki yangu mtayarishaji wa vipindi alitaka tuirushe wiki ileile, kama heshima kwa marehemu. Nilikataa, na sijui kama ilikuwa heshima au aibu tu ya kutompigia.

Baada ya arobaini nilikwenda kwa binti yake. Nilimwambia, “Dada, nina kitu cha baba, lakini hakujua kwamba ninacho.” Tukakaa barazani, nikampa simu. Alisikiliza ameinamisha kichwa. Ilipofika pale mzee anapokohoa akanishika mkono, “Rudisha hapo.” Nikarudisha. Akasema tena, rudisha. Kule kwenye solo niliyokuwa naisubiri mimi hakutaka kufika kabisa.

Alipomaliza alisema nimtumie, na kwamba isitoke nje ya familia. Nikamtumia palepale.

Ya kwangu sijaifuta. Hakusema niifute, na mimi sikumuuliza.