Jina la Jalada na Maneno Yaliyomo

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Walakini daftari nalo laweza kupotea hali lipo palepale kwenye rafu, ikiwa hapana ajuaye namna ya kulitafuta. Hapo jambo la masjala huwa jambo la haki. Maana mtu asiyeuona waraka wake hana tofauti, mbele ya baraza la ardhi, na mtu asiyekuwa nao kamwe.

Njia za kutafuta ni mbili. Ya kwanza hufuata alama za utambulisho alizopewa waraka na mtunzaji: namba ya jalada, tarehe, ofisi, mahali na daraja ya siri. Ya pili, iliyoletwa na kompyuta, hupita ndani ya maandishi yote na kuokota kila penye neno linalotakiwa.

Wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, zaonyesha upungufu wa kila njia ikiachwa peke yake. Tuseme mzee wa Ikoma anatafuta habari za malisho ya watu wake kabla ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti kuundwa mwaka 1951. Akitafuta chini ya jina la Wilaya ya Serengeti hataambulia kitu, kwa kuwa wilaya hiyo ilizaliwa baada ya uhuru; wakati wa Waingereza Ikoma ilikuwa chini ya Musoma. Tarime nayo ilikuwa makao ya wilaya iliyoitwa North Mara, na Rorya ilitengwa nayo mwaka 2007. Alama, basi, husema jinsi serikali ilivyoigawa nchi siku ile, wala hazisemi zaidi.

Je, maneno yenyewe ni shahidi bora? Aulizaye neno “Mara” ataletewa mto, mkoa, na kila “mara moja” aliyoiandika karani. Aulizaye “Ngoreme” atazikosa karatasi zilizoandika “Nguruimi”, na aulizaye “Wakuria” atazikosa zilizoandika “Bakuria”. Mashine huona herufi, haiwaoni watu. Kwa hiyo hapana budi njia hizi zioane: alama ziweke mipaka ya wakati na mahali, maneno yachimbuliwe ndani ya mipaka hiyo, na mtunzaji ayaorodheshe pamoja majina ya kale na mapya.

Iko hoja nzito zaidi. Mugumu na Masanga zimekuwapo nyumba za kuwahifadhi mabinti wanaokimbia kukeketwa. Habari za binti kama huyo zikiachwa wazi kwa kila atafutaye, wale aliowakimbia wataandika jina lake tu, na mahali alipojificha patajulikana. Kwake alama ya siri ni ngao. Yapasa isomwe kabla ya neno lolote kutafutwa. Hata jibu kwamba waraka huo upo lisitolewe kwa asiyeruhusiwa. Na alama hiyo haijibandiki yenyewe: huwekwa na mtu aliyeusoma waraka akamfikiria mwenyewe.

Mzee wa Ikoma ana haki ya kumbukumbu zake kupatikana. Binti ana haki ya zake kutopatikana. Kompyuta yaweza kupekua majalada elfu kwa dakika chache, lakini haiwezi kuwatenganisha wawili hao. Kazi hiyo imebaki kwa karani, naye huitimiza, au huitupa, siku ile anapofungua jalada jipya na kuliandika jina.